Mama, usimwambie motari «kimbia»: pikipiki na asubuhi za baridi



Mwezi wa tano umeisha, na kila mama wa Lubumbashi anajua kinachofuata. Mvua ilikatika, majani yamekauka, vumbi inaingia mpaka ndani ya sufuria. Na asubuhi, ukifungua mlango kwenda kuwasha makala, baridi inakupiga uso kama kofi. Watoto hawataki kutoka ndani ya blanketi. Chai inakawia, kiatu kimoja kinapotea, na ghafula saa inakuwa saa moja kasoro. Ndipo mama anatoka mbio mpaka kwenye njia na kuita motari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni mama wa watoto wawili. Mwaka jana, katika mwezi wa sita, nilimwita motari kama hivyo. Nataka kuwaelezea yaliyotokea, kiisha tuzungumze pamoja juu ya mambo tunayoweza kubadilisha mbele ya baridi ya mwaka huu kukamata nguvu.

Siku niliyosema «kimbia»

Tulikuwa watu wanne kwenye pikipiki moja. Kijana wangu wa miaka 6 alikaa mbele, juu ya tanki ya esansi. Motari alimfuata. Binti yangu wa miaka 9 alikuwa katikati, na mimi nyuma kabisa, mkoba wa madaftari kwenye mapaja. Motari alikuwa na kaske, lakini ilitundikwa kwenye usukani. Kichwani alivaa kofia ya sufu juu ya baridi. Sisi watatu hatukuwa na kitu.

Wiki ile ilikuwa zamu yangu ya kusimama kwenye mlango wa shule. Munajua desturi: kengele inalia saa moja na nusu, mlango unafungwa, na mtoto aliyekawia anabaki inje mpaka somo la kwanza liishe. Mwenye kufunga mlango nilikuwa mimi. Nilijiuliza nitawezaje kufungia watoto wa wenzangu mlango kama mimi mwenyewe nimekawia. Nikamwinamia motari sikioni nikasema: «Papa, kimbia kidogo, kengele itatukuta njiani.» Akaongeza esansi. Nikasema tena: «Kimbia!»

Pale njia yetu ya udongo inapoingia kwenye lami, kulikuwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa takataka zilizochomwa usiku. Lori lilikuwa limesimama pembeni bila taa. Motari aliliona akiwa amekwisha kulifikia. Akakamata freni ya mbele, gurudumu likateleza juu ya mchanga uliokuwa umetawanyika kwenye lami, na sote tukalala chini upande wa kuume.

Binti yangu alivunjika mkono. Kijana wangu aliungua mguu kwenye bomba la moshi. Kovu lake liko mpaka leo, kubwa kama kifuniko cha chupa. Motari alichubuka uso. Mimi niliumia magoti tu. Hakuna aliyekufa, na namshukuru Mungu kila siku. Lakini binti yangu alimaliza mwaka wa shule mkono ukiwa ndani ya plasta. Mtihani wa mwisho alijibu kwa mdomo, mwenzangu akiandika, na yeye ndiye mtoto anayependa kuandika kuliko wote darasani mwake.

Kesho yake jioni, motari alikuja nyumbani na mkate na sukari kumuona mtoto. Alikaa kwenye kiti bila kusema kitu, kiisha akasema: «Mama mwalimu, mikono yangu ilikufa na baridi. Freni niliikamata, lakini sikuisikia.»

Maneno hayo yalinifanya nitafute kujua zaidi. Mara nyingi ajali ikitokea tunasema motari ni mulevi, ao motari hajui kazi. Pengine ni kweli. Lakini baridi nayo ina kazi yake, na sisi wamama tuna yetu.

Baridi inamfanya nini motari

Katika mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi joto linaweza kushuka chini ya digri 10. Mtu anayetembea kwa miguu anavumilia. Lakini mwenye kuwa juu ya pikipiki anapigwa na upepo anaoutengeneza mwenyewe kwa mwendo wake. Kama hewa iko digri 8 na pikipiki inakimbia kilometre 40 kwa saa, ngozi isiyofunikwa inasikia kama iko digri 3. Na motari anakaa ndani ya upepo huo toka saa kumi na moja ya asubuhi.

Mwili ukipata baridi, unavuta damu kuilinda mioyo na matumbo, unaacha vidole. Vidole vinakuwa vigumu na havisikii vizuri. Na freni ya mbele, ambayo inasimamisha pikipiki kuliko ile ya nyuma, inakamatwa kwa vidole. Tufanye hesabu kama darasani: pikipiki yenye mwendo wa kilometre 40 kwa saa inapita karibu metre 11 kila segonde. Vidole vikikawia nusu segonde tu, pikipiki imeongeza zaidi ya metre 5 mbele ya freni kuanza kazi. Ni urefu wa gari dogo zima.

Macho nayo yanapata shida. Upepo wa baridi unaleta machozi. Motari mwenye kufunga kioo cha kaske yake anaona pumzi yake inageuka ukungu kwenye kioo, basi anakifungua, na vumbi inaingia. Katika mwezi wa sita, jua la Lubumbashi linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu, wakati ule ule watoto wetu wanapotoka nyumbani. Mwenye kwenda upande wa mashariki analipata chini kabisa, ndani ya macho. Pembeni ya mito yetu, Lubumbashi na Kafubu, ukungu unaweza kubaki chini mpaka jua lipande.

Lami pia haiko salama wakati wa kiangazi. Wengi wetu tunaogopa mvua tu. Lakini wakati mvua haioshi tena barabara, mchanga unaletwa na upepo na magurudumu unabaki juu ya lami, zaidi kwenye kona na pale njia za udongo zinapoingia. Kuukanyaga ukiwa umeinamisha pikipiki ni kama kukanyaga punje za maharagwe kwenye sima. Na mipira ya magurudumu, ikiwa ingali baridi asubuhi, haishiki lami vizuri kama ikiisha kupata joto.

Kuna jambo lingine ambalo tunalizoea mpaka hatulioni. Katika inchi yetu tunapita upande wa kuume, lakini magari mengi ya hapa kwetu yalitengenezwa kwa inchi za kupita upande wa kushoto, kama Japani. Usukani wao uko kuume. Mwenye kuendesha anakaa karibu na pembeni ya barabara; akitaka kupita gari lililo mbele yake, analazimika kutoka karibu gari lote mbele ya kuona anayekuja. Anayekuja anaweza kuwa motari wako, na taa yake imezimwa kwa kuchunga betri.

Mwisho, kuna lutuku. Motari mwingine anakunywa kikombe kidogo asubuhi na kusema ni dawa ya baridi. Wamama wenye bwana ao kijana motari, muwaelezee bila kugombana: lutuku inasukuma damu kwenye ngozi, basi mtu anasikia joto kidogo, lakini mwili wa ndani unapoteza joto kwa haraka zaidi. Na akili inakawia pamoja na vidole. Inamwongezea hatari mara mbili.

Watu wanne juu ya kiti kimoja

Hapa sitamhukumu mama yeyote, maana nami nilikuwa mmoja wao. Tunajua kwa nini tunapanda watatu ao wanne: faranga. Safari moja kwa watoto watatu inagharimu kidogo kuliko safari tatu. Mama mwenye kuuza mikate anahesabu hivyo kila asubuhi, na hesabu yake si ya kijinga.

Lakini tuweke hesabu nyingine pembeni yake. Pikipiki hizi zilitengenezwa kwa mwendeshaji na mtu mmoja nyuma yake. Uzito ukiongezeka, freni zinahitaji nafasi ndefu zaidi ili kusimama. Uzito ukirundikana nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba. Mtoto anayekaa kwenye tanki anaziba mikono ya motari, na kama pikipiki inasimama ghafula, yeye ndiye wa kwanza kupiga usukani kwa kifua ao kwa uso. Hana kitu cha kushika, hana mtu mbele yake.

Kipimo rahisi ni miguu. Mtoto ambaye miguu yake haifiki vizuri kwenye vikanyagio hajafikia umri wa pikipiki. Huyo tumpeleke kwa miguu, ao ndani ya taksi-bisi, ao tumtafutie shule ya karibu ikiwezekana. Na mtoto mchanga mgongoni? Mama akianguka kwa mgongo, anaangukia mtoto. Mama akifinywa na mtu nyuma yake, mtoto anakosa pumzi. Kama kuna njia nyingine yoyote, hata ya kukawia, tuishike hiyo.

Tuangalie pia vikwembe vyetu. Tunapenda kukaa upande mmoja kwa heshima, na ncha ya kikwembe inaning'inia karibu na mnyororo na gurudumu. Ikishikwa, inamvuta mama chini ndani ya segonde moja. Vaa suruali ao kaptura chini ya kikwembe, kaa kama motari anavyokaa, kunja kikwembe na ukifunge kiunoni vizuri. Heshima yako haitapotea. Kitambaa cha kubebea mtoto na shali ya baridi navyo vifungwe ndani ya koti.

Na kwa mashuka: pikipiki nyingi zina bomba la moshi upande wa kuume. Fundisha mtoto kupanda na kushuka upande wa kushoto, na mguu wake usiguse bomba. Kijana wangu sasa anawaelezea wenzake akiwaonyesha kovu lake. Ni mwalimu mzuri kuniliko.

Kaske si ya motari peke yake

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani zinaua watu karibu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo sababu ya kwanza ya kifo kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Malaria tunaiogopa, na tunatundika chandarua. Kaske ni chandarua cha barabarani. Wachunguzi waliokusanya masomo mengi juu ya kaske walikuta kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa aliyeanguka na pikipiki kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Nimesikia sababu zetu zote za kuikataa, na zangu zilikuwa ndani yake. Kaske ya motari inanuka, imevaliwa na watu ishirini, inaharibu nywele nilizosuka jana, mtoto anaikataa. Dawa ya haya ni ndogo: kitambaa safi cha kichwa ndani ya mkoba, kivaliwe chini ya kaske, na jioni kifuliwe. Nywele zinasukwa tena. Kichwa hakisukwi tena.

Mambo ya kuangalia mbele ya kununua:

– Kaske ienee kichwani bila kucheza. Funga mkanda, tikisa kichwa. Ikizunguka peke yake, ni kubwa. Ya mtu mzima kichwani mwa mtoto haimlindi.

– Mkanda ufungwe chini ya kidevu, nafasi ya vidole viwili tu. Kaske isiyofungwa inatoka mbele ya kichwa kufika chini.

– Ndani kuwe sponji ngumu nene. Ganda la plastiki peke yake ni bakuli tu.

– Kaske iliyokwisha kupigwa kwa nguvu katika ajali imemaliza kazi yake, hata kama inje inaonekana nzuri.

– Kofia ya sufu nene isivaliwe chini yake. Inafanya kaske icheze. Kitambaa chepesi kinatosha.

Wamotari walisema nini

Mwezi wa pili mwaka huu, tuliwaita wamotari wa kartie yetu tukakaa nao chini ya mwembe, wao tisa na sisi kumi na wawili. Tulienda na orodha yetu ya makosa. Walitusikiliza kwa adabu, kiisha yule aliye mkubwa wao akasema: «Bamama, tuseme ukweli. Mutu anapanda, anasema kimbia. Ukienda pole, anasema huyu hajui kazi, kesho anaita mwengine. Ni nani anatufundishaka kukimbia?»

Tulinyamaza. Mimi nilinyamaza kuliko wote.

Wakaelezea kazi yao. Wengi wao hawana pikipiki yao. Kila jioni wanapaswa kumpatia mwenye pikipiki pesa yake, ile wanayoita vɛrsema, hata kama siku imekuwa mbaya. Kwa hiyo wanaanza mapema sana, na saa ya watoto wa shule ndiyo saa ya kupata. Motari akipeleka mzigo mmoja wa watoto pole pole, anapoteza mizigo miwili. Mwengine akasema soksi zake za mikono ziliibwa na hajapata pesa ya kununua zingine. Mwengine akasema kioo cha kaske yake kilivunjika tangu Pasaka ya mwaka uliopita.

Hatukutoka pale tukiwa marafiki wa ghafula. Mama mmoja, ambaye kaka yake aliuawa na pikipiki, alisema wazi kwamba hatawaamini tena, na hakuna aliyemgombeza. Lakini tulikubaliana mambo machache, na tangu siku ile tunayashika.

Hesabu ya dakika mbili

Niliwafanyia wote hesabu hii kwa makala juu ya ukuta, wamotari na wamama. Shule iko kilometre 4. Kwa mwendo wa 30 kwa saa, unafika kwa dakika 8. Kwa mwendo wa 40, dakika 6. Kwa mwendo wa 60, dakika 4. Mama anayesema «kimbia» ananunua dakika mbili, ao ine akipata motari wa kichaa. Lakini pigo la kuanguka halipandi sawa na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo inaongezeka mara ine. Kutoka 30 hadi 60 umepata dakika 4, na pigo limekuwa mara ine.

Dakika hizo zinapatikana kwa njia nyepesi zaidi, jioni. Nguo za shule zipangwe juu ya kiti. Viatu viwili viwili karibu na mlango. Maji ya chai kwenye termosi. Mkoba umefungwa. Nyumbani kwangu, kazi hiyo ni ya watoto wenyewe mbele ya kulala, na asubuhi tunatoka robo saa mapema kuliko mwaka jana.

Tukikuta ajali

Ajali za asubuhi mara nyingi zinakutwa na wamama, maana ndio walio njiani. Basi tujue la kufanya.

Kwanza, simamisha magari. Mtu mmoja aende mbele na mwengine nyuma, mbali kidogo, wapunge kitambaa cheupe. Ajali ya pili inaua waliokuja kusaidia.

Usimwinue aliyeanguka kwa mikono na miguu kama gunia. Kama shingo ao mgongo umevunjika, kumwinua hivyo kunaweza kumlemaza maisha yake yote. Mwambie asitikisike, shika kichwa chake kisigeuke, mfunike kwa kikwembe juu ya baridi. Akiwa na kaske na anapumua vizuri, usiivute. Waachie wenye kazi ya hospitali.

Damu ikitoka nyingi, weka kitambaa safi ukandamize kwa nguvu bila kuachilia. Usimpe maji wala chakula, pengine atapasuliwa.

Aliyeungua kwenye bomba la moshi, mwagie maji safi ya kawaida kwa dakika 20, hata kama analia na baridi. Sehemu zingine za mwili zifunikwe. Tusipake dawa ya meno, mafuta, yai wala majivu. Vinashika joto ndani na kuleta uchafu kwenye kidonda. Mimi mwenyewe, kwa haraka, nilimpaka mtoto wangu dawa ya meno, na muuguzi alipoisafisha mtoto alilia kuliko alipoanguka.

Na aliyepigwa kichwa, hata kama anasimama na kusema «niko muzuri», aangaliwe siku nzima na usiku. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akisema maneno yasiyofuatana, akiumwa kichwa kinachozidi, ao mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ingine, apelekwe hospitali mara moja. Asingoje asubuhi.

Kwa wake na mama wa wamotari

Wengi kati yetu tunakula kwa pikipiki. Bwana ao kijana anapotoka saa kumi na moja, tunaweza kumsaidia. Uji wa moto mbele ya kutoka, na chai kwenye chupa. Gazeti ao karatasi ya mfuko wa simenti iliyo safi, iwekwe kifuani chini ya koti, upepo haupiti. Soksi za mikono za sufu ni nzuri, lakini upepo unazipenya. Juu yake avae zingine za ngozi. Asiyeweza kununua anaweza kukata bidoni ya plastiki na kuifunga mbele ya mishikio kama ngao ya upepo, lakini ahakikishe haigusi freni. Akisikia vidole vimekufa, asimame dakika tatu aviweke kwapani. Taa iwashwe hata mchana. Na kitambaa cheupe ao cha kung'aa kishonwe mgongoni mwa koti, maana makoti yetu ya baridi karibu yote ni meusi. Watoto nao: shati jeupe la shule haliwasaidii kitu likiwa chini ya koti jeusi.

Tulichoanza, na kinachobaki

Kikundi chetu cha wamama kumi na wawili kilianza likelemba ya kaske katika mwezi wa tatu. Kila jumamosi kila mmoja anatoa kidogo, na mmoja anapata kaske ya mtoto ao yake. Jumamosi iliyopita mama wa kumi na mbili alipata yake. Zamu ya pili itakuwa ya soksi za mikono kwa wamotari sita tunaofanya nao kazi. Kwa upande wao, wamotari hao wanapeleka watoto wawili tu kwa safari moja, hawamkalishi mtoto kwenye tanki, na mama anawalipa kwa wiki, siku ya kwanza. Malipo ya wiki yanawapatia uhakika wa sehemu ya vɛrsema, basi hawana sababu ya kukimbizana. Mama anatoa zaidi kidogo kuliko mbele. Si kila mama anaweza, na wawili waliacha. Wawili hao sasa wanapeleka watoto wao kwa miguu, pamoja na wa majirani, wakipokezana asubuhi.

Kinabaki kitu kimoja, nacho ni mlango wa shule.

Nilifikiri sana mbele ya kuandika hapa. Mimi ni mwalimu, na napenda watoto wafike kwa saa. Lakini tangu ajali ile, kila nikisimama kwenye mlango naangalia pikipiki zinavyofika katika dakika tano za mwisho, watatu watatu, wanne wanne, zikipita katikati ya watoto wanaotembea. Ni mlango wetu unaozikimbiza. Mama anajua tutafunga. Motari anajua. Nasi tunajua.

Kwa hiyo nilimwandikia mkurugenzi barua. Niliomba kitu kidogo: katika mwezi wa sita, mlango ubaki wazi robo saa zaidi, anayekawia aandikwe jina lakini aingie. Alinijibu kwamba nidhamu ikifunguliwa kidogo inafunguka yote, na kwamba wazazi wenyewe ndio watakaozoea kukawia. Simdharau, pengine ana haki juu ya baadhi yetu. Alisema barua ya mwalimu mmoja haitoshi, komite ya wazazi ilete yake.

Basi, wamama, hiyo ndiyo kazi ya jumamosi hii. Barua ya pili iko tayari, imeandikwa kwa mkono wa binti yangu, mkono wa kuume, ule uliovunjika. Herufi zake zingali zinainama kidogo. Kinachokosekana ni majina yenu chini yake. Na mbele ya kutia jina, kila mmoja ajiahidi mwenyewe kutoka nyumbani robo saa mapema, ili mkurugenzi asipate sababu ya kutucheka.

Na kesho asubuhi, ukipanda, baridi ikikuuma na saa ikikutisha, jaribu kumwambia motari neno hili nililojifunza kwa gharama: «Papa, enda pole. Tutafika.»